Andika Ukimfikiria Atakayetafuta

Salamu zangu zimfikie kila aliyefungua redio saa hizi, kuanzia mlioko barabarani pale Paranga na Kidoka, mpaka mlioko ndani kabisa, Farkwa, Kwa Mtoro, Ovada na Sanzawa. Goima na Mrijo, sijawasahau.

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya kumbukumbu tunazojiandikia wenyewe. Sizungumzii barua za serikali wala mihutasari ya vikao yenye mihuri. Nazungumzia yale unayoandika kwa ajili yako: tarehe ya kupanda, jina la dawa, bei uliyouzia ufuta, maneno ya bwana shamba, ahadi ya fundi wa kisima.

Nianze na swali. Kuku wako walichanjwa kideri lini mara ya mwisho? Unajua chanjo ile hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo usipoijua tarehe ya mwisho hutajua ya kesho. Nasikia wengi mkijibu: "Niliandika mahali." Haya, mahali gani? Nyuma ya daftari la mtoto? Kwenye kalenda ya ukutani ambayo Januari ilishushwa ikafungiwa vitumbua? Kwenye ujumbe uliojitumia mwenyewe kwa simu, ukafunikwa na ujumbe mwingine mia? Kuandika, tumeandika. Kazi iko kwenye kupata.

Na hapo ndipo penye hoja yangu yote ya leo, msikilizaji, kwa hiyo nitairudia zaidi ya mara moja. Unapoandika, mfikirie atakayetafuta. Aghalabu mtafutaji huyo ni wewe mwenyewe, mwaka kesho, ukiwa na haraka na umesahau.

Sasa tuingie kwenye chombo. Wengi mna simu janja, na kwenye ofisi za kata, shule na vyama vya ushirika kuna kompyuta. Humo mna programu za aina nyingi za kuandikia. Ile ninayoipenda kwa kazi hii ndiyo nyepesi kuliko zote: kihariri cha maandishi matupu. Maana yake nini? Ni programu inayohifadhi herufi na tarakimu basi, bila rangi, bila mapambo, bila majedwali. Kwenye kompyuta za Windows ipo tayari, inaitwa Notepad, na imekuwamo tangu mwaka 1985. Kwenye simu zipo za bure nyingi. Utalitambua faili lake kwa mwisho wa jina: nukta, kisha txt.

Utaniuliza, kwa nini nichague kitu kisicho na mapambo? Kwa sababu faili la namna hiyo hufunguka popote. Kompyuta ya zamani hulifungua, mpya hulifungua, simu ya bei ndogo hulifungua, na halidai bando. Ni jepesi mno pia: daftari zima la kurasa mia mbili, likichapwa kwa maandishi matupu, ni dogo kuliko picha moja ya kamera ya simu yako. Programu nyingine za kuandikia kumbukumbu ni nzuri kwa macho, lakini hufungia maneno yako ndani mwake. Siku simu ikiibiwa, au programu ikibadilishwa na wenyewe, maneno nayo yanapotea. Kabla hujaanza kuitumia programu yoyote, iulize swali moja: je, nikitaka kutoka, utanipa maneno yangu kama faili la kawaida? Ikikataa, tafuta nyingine.

Faida kubwa kuliko hizo zote ni kutafuta. Kwenye kompyuta unabonyeza Ctrl pamoja na F, kisanduku kinafunguka, unaandika neno, unapelekwa lilipo. Kwenye simu utaona alama ya lenzi. Kurasa mia mbili hupekuliwa kufumba na kufumbua.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Mashine haijui maana, inafananisha herufi tu. Ukitafuta "kideri" na wewe uliandika "ile chanjo ya kuku", mashine itakuambia hakuna kitu, nayo haitakuwa imekosea. Ndiyo maana nasema kazi ya kutafuta huanza siku ile ya kuandika.

Tuchukue mfano. Tuseme mkulima wa Mondo amempigia simu bwana shamba. "Shikamoo bwana shamba. Ile mbegu ya alizeti uliyotuambia mwaka juzi kuwa hukomaa mapema, inaitwaje?" Bwana shamba anafungua kumbukumbu zake, anakuta ameandika: "Leo nimemshauri yule mzee wa kule chini kuhusu mbegu, aanze mapema mwaka huu." Hebu tuulizane. Leo ni lini? Yule mzee ni nani? Kule chini ni wapi? Mbegu ipi? Mwaka huu ni upi? Siku ile ilipoandikwa, sentensi hiyo ilikuwa na kila kitu. Baada ya misimu miwili imebaki herufi tu. Angeandika hivi: tarehe, Mondo, alizeti, mbegu ya Rekodi, ipandwe mvua za kwanza, jina la mkulima. Maneno machache kuliko yale ya kwanza, na kila moja linaweza kutafutwa.

Kwa hiyo "leo", "juzi", "mwaka huu", "yule", "pale" ni maneno ya kusema mkiwa pamoja. Kwenye kumbukumbu, weka jina na tarehe.

Na tarehe yenyewe tuiandikeje? Mimi nasimamia mtindo wa kuanza na mwaka, ukafuata mwezi, ikamalizia siku: 2024-12-07. Najua shuleni tulifundishwa kuanza na siku. Ila ukianza na mwaka, na ukayaita mafaili yako kwa tarehe hizo, kompyuta inayapanga yenyewe kwa mfuatano wa wakati. Ukitafuta "2024-12" unapata Desemba nzima. Usisahau na sifuri ya mbele: mwezi wa tatu ni 03, si 3.

Hapa kwetu kuna jambo la ziada ambalo mwandishi wa vitabu vya kompyuta aliye mbali hawezi kulifikiria. Sisi wa uwanda wa kati tuna msimu mmoja wa mvua. Tunapanda Desemba, tunavuna mwaka unaofuata. Sasa ukiandika "mtama wa 2023", unamaanisha uliopandwa 2023 au uliovunwa 2023? Nimeona watu wazima wakibishana juu ya hilo, kila mmoja na karatasi yake mkononi, na wote wawili wako sahihi. Andika msimu kwa miaka yake miwili: "msimu 2023-2024". Ukiufuata mtindo huo kila mara, ubishi hauna pa kuanzia.

Majina ya mahali nayo yana mambo yake. Kuna anayeandika Kwa Mtoro kwa maneno mawili, na kuna anayeandika Kwamtoro kwa neno moja. Farkwa, wengine huandika Farqwa. Kwa sikio ni kitu kimoja, kwa mashine ni vitu viwili. Chagua moja ulishike. Halafu kumbuka kwamba wilaya yetu ya Chemba ilizaliwa mwaka 2012 kutoka Kondoa. Karatasi yoyote ya kabla ya hapo, iwe ya shule, ya zahanati au ya lambo la mifugo, itasema Kondoa. Kijana anayetafuta historia ya kijiji chake kwa neno "Chemba" pekee atakuta inaanza 2012, adhani wazee hawakuandika kitu. Waliandika. Anatafuta kwa jina ambalo wao hawakuwa nalo.

Hapa nitakaa kidogo, msikilizaji, kwa kuwa linahusu lugha yetu wenyewe na halisemwi vya kutosha. Kiswahili hubadilisha neno mwanzoni mwake, na mara nyingi mwishoni pia. Siku moja umeandika "mvua imenyesha". Siku ya pili, "haikunyesha". Siku ya tatu, "ilivyonyesha usiku". Mwisho wa msimu unataka kuzikusanya siku zote ulizozitaja mvua. Ukitafuta neno "imenyesha" utapata ile siku moja. Ufanyeje? Tafuta kipande cha katikati kisichobadilika: n, y, e, s, h. Basi. Zote tatu zitatokea.

Jaribu na mengine. Mzinga na mizinga, wafuga nyuki mnanielewa: tafuta "zinga". Mgonjwa, wagonjwa, ugonjwa, magonjwa: tafuta "gonjwa". Chanjo, tulichanja, wamechanjwa: tafuta "chanj", utapata yote. Pengine itakuja na siku uliyochanja kuni, hiyo utairuka kwa macho. Narudia: usitafute neno zima, tafuta kipande kisichobadilika.

Kuna maneno ambayo kipande chake ni kifupi mno. Kufa, kwa mfano. Ukitafuta "fa" utaletewa faida, sifa, taarifa, na kila ulipoandika "kufanya". Kwa maneno kama hayo, na kwa mambo unayojua utayarudia sana, jiwekee alama. Mfugaji hukata masikio ya mbuzi wake kwa mtindo wake, ili hata wakichanganyika kisimani na wa jirani awatambue kwa mbali. Nawe mwishoni mwa kila kumbukumbu weka neno lako la kudumu lenye alama mbele yake, tuseme ile ya reli: reli-kifo, reli-chanjo, reli-deni, reli-mpaka. Hata kama ndani umeandika "yule ndama hakuamka", alama ya kifo ipo na utampata. Lakini alama ziwe chache. Zikifika arobaini utasahau uliziitaje, na utarudi pale pale.

Jambo dogo kwa wenye simu: zima ile huduma inayosahihisha maneno yenyewe. Mara nyingi imefundishwa Kiingereza. Unaandika neno lako la Kiswahili, yenyewe inaligeuza, na wewe hujaona. Baadaye unalitafuta hulioni.

Swali nililoulizwa mara nyingi ni hili: niweke faili moja kubwa au mengi madogo? Wapo wanaojenga folda ndani ya folda ndani ya folda. Mimi nasimama upande wa mafaili machache. Shamba faili moja, mifugo faili moja, kikundi cha VICOBA faili moja, familia faili moja. Ndani ya kila moja, kumbukumbu mpya iandikwe chini, na tarehe yake juu. Ukiwa na folda nyingi, kila unapoandika unapaswa kuamua hili ni la wapi, na uamuzi wa leo hautakuwa wa kesho. Deni la dawa ya ng'ombe ni la mifugo au la fedha? Likiwa na maneno yake sahihi, huhitaji kujiuliza.

Na madaftari ya zamani je? Mna madaftari makabatini ya miaka na miaka. Sikushauri uyachape yote, utachoka kabla ya kufika katikati na utaiacha kazi. Chapa faharasa tu. Lipe kila daftari namba juu ya jalada, halafu kwenye faili andika mstari mmoja: daftari la 3, ukurasa wa 40, mgogoro wa mpaka na jirani wa mashariki, 2009. Siku ya shida unatafuta kwenye faili, unapata namba, unanyoosha mkono kabatini. Na daftari la kalamu lisidharauliwe. Jua la saa sita kioo cha simu hakisomeki. Andika shambani kwa kalamu, chapa jioni.

Sasa nataka niwaambie habari ya kwetu hapa hapa, maana wapo wanaodhani kumbukumbu za mtu binafsi hufa naye. Katika miaka ya 1960 mtafiti aitwaye Eric ten Raa alikuja Usandaweni, nchi ambayo leo imo ndani ya wilaya yetu, akakusanya maneno ya Kisandawe, hadithi zake na mila zake. Mwaka 2012, kiasi cha nusu karne baadaye, Christopher Ehret na Patricia Ehret walihariri makusanyo yake yakachapishwa kuwa kamusi ya Kisandawe. Mwaka ule ule wilaya ilipozaliwa. Fikirini hilo. Maneno yaliyotoka vinywani mwa wazee wa Usandaweni yalikaa kwenye makaratasi kwa muda huo wote, kisha watu wengine, wasio yeye aliyeyaandika, wakaweza kuyasoma, kuyapanga na kuyatoa kitabu.

Wala hayuko peke yake. Jirani zetu wa Kolo wana michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mtafiti Mary Leakey aliinakili mwaka 1951. Kitabu chake juu ya michoro hiyo kilitoka 1983. Hesabuni wenyewe hiyo miaka. Mtu akikaa na makaratasi muda huo wote, anategemea kimoja: kwamba siku ile ya kwanza aliandika huu ni mchoro upi na wa mwamba upi.

Nawageukia vijana wa Kisandawe, nanyi Waburunge, Warangi na Wagogo mnaopenda lugha za nyumbani. Mna simu mfukoni ambayo watafiti wale hawakuwa nayo. Bibi akisema neno ambalo hulisikii tena sokoni, liandike: neno, maana yake, nani kalisema, kijiji gani, tarehe gani. Rekodi na sauti, ndiyo, lakini sauti haipekuliki kwa Ctrl na F. Jina la faili la sauti liandike kando ya neno. Kisandawe kina zile sauti za kubofya ulimi, na kila mtu huziandika anavyoona. Amua mwanzoni sauti ipi utaiandika kwa herufi ipi, iandike kanuni hiyo juu kabisa ya faili, usiibadilishe. Na programu ikikuuliza uhifadhi kwa mfumo gani wa herufi, chagua UTF-8. Huo una nafasi ya alama za lugha karibu zote za dunia, hata alama maalumu za sauti za kubofya. Ukichagua mwingine, kesho utakuta vijisanduku na alama za kuuliza.

UTF-8 ilibuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike. Na huyo Thompson ndiye yule aliyeandika, mwaka 1973, programu ya kutafuta iitwayo grep, ambayo mafundi wa kompyuta wanaitumia mpaka leo kupekua mafaili elfu kwa mara moja. Kwa maandishi matupu, bado haijapata mshindani wa kuiondoa.

Kwa mwenye kompyuta anayetaka kwenda mbele ya Notepad, ipo Notepad++, nayo ya bure, inayoweza kutafuta ndani ya mafaili yote ya folda kwa pamoja. Ukitaka inakubali hata kuambiwa: nitafutie Farkwa, herufi ya nne ikiwa k au q. Ipo pia Vim, ngumu kidogo kujifunza, ambayo ina undugu na Afrika Mashariki. Mwandishi wake, Mholanzi Bram Moolenaar, aliitoa kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1994 alikaa mwaka mzima kama mtu wa kujitolea kule Kibaale, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, eneo lililoumizwa vibaya na UKIMWI. Alifanya kazi ya maji na usafi wa mazingira kwenye kituo cha watoto. Aliporudi kwao hakuwasahau: programu yake ni bure, lakini ukiifungua tupu, kioo kinaonyesha ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na ombi lile likaendelea kuonekana kwenye kompyuta za mafundi duniani kote. Namheshimu sana mtu yule.

Dakika zangu zinakwisha, nigusie mambo mawili.

La kwanza ni usalama. Faili la maandishi matupu humfungukia yeyote atakayelishika. Kwa hiyo namba ya siri ya pesa za simu isiandikwe humo kabisa. Wahudumu wa afya, habari za wagonjwa zina utaratibu wake wa kutunzwa, zisiingie kwenye simu yako binafsi. Makatibu wa vikundi, madeni ya wanachama si ya kusomwa na kila anayeazima simu. Funga simu kwa neno la siri.

La pili ni nakala. Faili likiwa mahali pamoja, halijahifadhiwa. Weka nakala kwenye memori kadi au flashi, na nyingine kwenye nyumba tofauti, kwa ndugu au ofisini, maana moto na mwizi huchukua vyote vilivyo chini ya paa moja. Chagua siku ya mwezi, tuseme siku ya gulio lenu, iwe ndiyo siku ya kunakili. Ukishanakili, ifungue ile nakala, utafute neno moja unalolijua limo. Likitokea, nakala ni nzima. Lisipotokea, umejua mapema, na la awali bado unalo.

Wiki ijayo, Mungu akitujalia, tutazungumza juu ya kupiga picha hati za zamani za familia kabla mchwa hawajazifikia, na jinsi ya kuzipa majina picha hizo. Wenye maswali ya leo yaandikeni, mweke na tarehe.